Mlima wa Yule Bwana

Kuna watu hujivunia ng'ombe, wengine hujivunia watoto waliosoma. Bibi Evelina wa kijiji cha Mahungulu, kule upande wa Haneti, alijivunia neno moja ambalo hakuwahi kulitamka tangu aolewe. Neno hilo lilikuwa jina la baba mkwe wake. Usinicheke. Wewe unayempigia mkweo simu kumwomba vocha, tena unamwita kwa jina kama mnacheza naye bao, haya hayakuhusu. Kaa kitako usikilize.

Katika ukoo alikoolewa Evelina, mke hakuruhusiwa kulitamka jina la baba wa mumewe. Si mbele yake tu. Hata kisimani, hata shambani, hata akiwa peke yake na mbuzi. Na kama jina la mzee lilikuwa pia jina la kitu, basi kitu chenyewe kilitafutiwa jina jingine. Mzee akiitwa Moto, mke ataomba apewe kile kiwakacho. Mzee akiitwa Maji, pole yake mke, maana kiu haina adabu. Wake wengine wa boma lile waliteleza mara kwa mara, hasa walipokasirika. Evelina hakuteleza. Alizaa, akazika, akafiwa na mume, akahamishwa wakati wa operesheni ya vijiji kisha akarudi palepale, akang'oka meno ya mbele, na jina halikumponyoka.

Mzee mwenyewe hakuwa malaika. Alikuwa na tabia ya kuonja mlenda kwa ncha ya ulimi, kisha kutazama pembeni kama mtu aliyetukanwa. Lakini siku zake za mwisho, akiwa amelala kwenye ngozi yake, aliwaita wake wa wanawe akawaambia kwamba wameshawahi kumtaja, wengine kwa hasira na wengine kwa kusahau, naye alisikia kila mara ila alinyamaza. Kisha akamnyooshea kidole Evelina. "Huyu hajanitaja," akasema. "Huyu ndiye binti yangu." Evelina, ambaye baba yake mzazi alipokea ng'ombe wa mahari na hakurudi hata siku moja kumjulia hali, aliyaweka maneno hayo mahali ambapo wenzake huweka hati za mashamba.

Sasa shida ilikuwa hii. Mzee alizaliwa chini ya mlima ulio nyuma ya kijiji, akapewa jina la mlima. Kwa hiyo Evelina hakuweza kuutaja mlima pia. Na wengine wa kuutaja hawakuwepo. Watu wa boma la zamani walikuwa wamekufa, au walihamia Kiteto na Morogoro wakafia huko. Wengi wa Mahungulu waliletwa na malori wakati wa operesheni, wakaukuta mlima umesimama pale bila mtu wa kuwatambulisha. Waliuita Kule Juu, na mnara wa simu ulipojengwa kileleni wakauita Mlima Mnara. Mzee naye kanisani alibatizwa Petro, watoto wake wakaandikwa shule kwa jina la Petro, wajukuu wakamwita Babu. Jina la asili, la mtu na la mlima, likabaki ndani ya kichwa kimoja tu, na kichwa chenyewe ndicho hicho kisichoweza kulitoa.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kaburini kama watu wa Mtumba, kwenye mji wa serikali, wasingekuja.

Walikuja Jumatatu moja na gari jeupe la wizara, watu wawili na dereva. Mkubwa wao alikuwa Bwana Respicius, Mhaya wa viatu vinavyong'aa, ambaye njiani alikuwa amefundishwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", akaisema kwa kila aliyekutana naye, wakiwemo watoto wachanga. Msaidizi wake alikuwa dada mmoja wa Kinyakyusa, Anyitike, aliyebeba ramani na asiyesema sana. Wanakijiji waliitwa kwenye darasa la tatu la shule ya msingi, wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu.

Respicius alieleza kwamba kwenye ramani mlima wao bado unaitwa Mlima Kaltenbach, kwa heshima ya Mjerumani mmoja aliyepiga kambi pale mchana mmoja, akaumwa tumbo, akaondoka amebebwa. Hakuna ajuaye kama alifanya jambo jingine la maana. Sasa serikali imeamua milima na mito irudishiwe majina ya asili. Huu ni mchakato shirikishi, akasema, na wadau ndio nyinyi. Wadau wakatazamana. Kijijini pale hapakuwa na mtu aliyejua kama kuitwa mdau ni sifa au ni kesi.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Mzee Yotham. Yotham alikuwa mzee mtanashati, mwenye sauti ya kwaya, na hakuna swali lililoulizwa Mahungulu ambalo hakulijibu yeye kwanza. Ukiuliza njia ya kwenda zahanati huku umemtazama mwingine, Yotham atakujibu. Akasema mlima ule tangu enzi na enzi unaitwa Mlima Msanjila. Respicius akafurahi, akauliza Msanjila maana yake nini. Yotham akajibu kwa unyenyekevu mkubwa kwamba alikuwa baba yake mzazi.

Huyo Msanjila Evelina alimjua vizuri. Alishushwa Mahungulu na lori, pamoja na kitanda chake na kuku wake, na maji ya kwanza aliyoyanywa kijijini aliyanywa kwenye kata ya Evelina. Akasimama, dawati likasimama naye, watu wakamsaidia kulivua.

"Yotham, mlima ulikuwepo, baba yako akaletwa na lori," akasema. "Au na mlima nao ulipanda lori?"

Darasa likaangua kicheko. Hata dereva aliyekuwa dirishani alicheka. Yotham akakunja uso, akasema kwa upole wa kwaya kwamba kama bibi anajua jina jingine, alitaje. Respicius naye akamgeukia Evelina, akampa shikamoo yake, akamwomba alitaje.

Evelina akafungua mdomo. Jina likaja mpaka kwenye ulimi, lenyewe kabisa, jepesi, na hapo likakwama. Akafunga mdomo. Akaufungua tena. Waliokaa mbele walidhani meno yanamsumbua, lakini meno yenyewe hayakuwepo.

"Unaitwa kwa jina la yule bwana," akasema mwishowe.

"Bwana yupi, bibi?"

"Yule."

"Yule nani?"

"Yule mwenyewe."

Respicius alikuwa mtu wa kuheshimu lugha za watu. Akauliza kama Yule inaandikwa kwa Y moja. Kabla ya kuondoka akatangaza kwamba mapendekezo ni mawili, Mlima Msanjila na Mlima Yule, na kwamba hilo la pili, kwa jinsi alivyolisikia, lazima ni neno la kale sana la Kigogo. Wangerudi Ijumaa kufunga mjadala. Kama hakuna ushahidi wa kuliunga mkono, ubao utaandikwa Mlima Msanjila. Yotham akatoka darasani akiimba.

Nyumbani Evelina alimkuta mjukuu wake Debora, mwalimu wa chekechea kule Ihumwa, aliyekuja kwa likizo. Habari zilikuwa zimeshamfikia; vicheko vya Mahungulu hutembea haraka kuliko gari la wizara. Debora akasogeza pumziko, akakaa, akaanza kumsihi bibi yake.

Hapo nikueleze kidogo. Pumziko ndilo jina la kile kiti kifupi cha mti, cha miguu mitatu, nyumbani kwa Evelina. Debora alikua akiamini hilo ndilo jina lake dunia nzima. Alipofika chuo cha ualimu akaomba apewe pumziko, wenzake wakamuuliza kachoshwa na nini. Akajisemea kwamba basi ni Kigogo cha ndani ambacho watu wa mjini hawakijui, akaendelea na maisha. Wewe unayesoma umeshakamata. Nyamaza, usiwe kama Yotham.

Debora alisema, bibi, litaje mara moja tu, tena kwa kunong'ona, mimi nitaziba sikio moja. Evelina akakataa. Basi niandikie. Evelina alikuwa amesoma ngumbaru na mwandiko wake ulikuwa safi, lakini kuandika, akasema, ni kutaja kwa mkono. Basi nitajie herufi ya kwanza, kisha ya pili. Evelina akashika kifua: amkatekate mzee vipande vipande kama mbuzi wa sikukuu? Debora akaanza kubahatisha mwenyewe. Akataja miti, akataja ndege, akataja wanyama, na alipofika kwa fisi, Evelina akamwambia kama ana heshima yoyote kwa marehemu aende akalete maji.

Debora hakwenda. Alimwambia bibi yake kwa hasira kwamba huyo mzee keshakufa zamani, hasikii, na hata akisikia atashukuru.

Evelina alikuwa anapepeta uwele. Aliweka ungo chini.

"Mimi baba yangu alinisahau," akasema. "Aliyeniita binti yangu ni huyo, na aliniita kwa sababu hiyo moja. Nikimtaja, nimeirudisha zawadi yake. Nisipomtaja, Yotham anamzika mara ya pili, tena juu yake anamlaza baba yake mwenyewe. Sasa niambie wewe uliyesoma, nishike lipi?"

Debora akainuka, akachukua ndoo. Alikwenda kuleta maji.

Ijumaa Evelina aliamka na mpango, na alikuwa na furaha nao kupita kiasi. Kutaja ni mwiko. Kuonyesha si mwiko. Mtu anaweza kukuonyesha kitu bila kufungua mdomo. Akakichukua kile kiti cha miguu mitatu, akakifunga kwenye kanga, akakitia kwapani, akaenda nacho shuleni kichwa juu. Njiani alijaribu kumfikiria Bwana Respicius akikitazama kiti, akiutazama mlima, akipiga kelele ya kuelewa. Alikuwa msomi. Ingechukua dakika moja.

Darasani Respicius alikuwa amesimama, maana kiti cha mwalimu kilikuwa kimevunjika mguu. Evelina akapita katikati ya madawati, akafika mbele, akafungua kanga, akakiweka kitu chake sakafuni mbele ya viatu vinavyong'aa. Akanyoosha mkono kukionyesha.

Respicius akaguswa sana. Akasema ukarimu wa watu wa Dodoma ameusikia lakini leo ameuona kwa macho. Akakaa.

Evelina akabaki ameduwaa. Akakohoa. Respicius akamwambia pole. Akaonyesha dirishani, mlima ulipo, kisha akaonyesha chini ya suruali ya Respicius. Watu wa nyuma wakaanza kusimama waone vizuri. Akarudia: mlima, suruali, mlima, suruali. Yotham, ambaye hakuachia swali lipite bila jibu, akasimama akatafsiri. Bibi anasema, akaeleza, kwamba wageni wakipanda mlimani wanachoka, kwa hiyo wawekewe mahali pa kukaa. Respicius akasema hoja ni nzuri mno, akamwambia Anyitike aiandike: mabenchi kileleni.

Basi uzalendo ukamshinda Evelina. Mwalimu mkuu alipoingia na Respicius akainuka kumsalimia, Evelina alikichomoa kile kiti akakiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza miguu juu, miguu chini, akikielekeza dirishani. Respicius, akidhani kiti bado kipo, akajirudisha kukaa. Akakaa sakafuni. Vumbi la darasa la tatu likapanda, na mwanamke mmoja akanong'ona kuwa bibi anamlaani mkubwa wa serikali. Watu wa dawati la mbele wakasogea nyuma na dawati lao.

Evelina akakishusha kiti. Alikwenda akaketi pembeni, karibu na ramani ya Afrika, na alitamani kulia, kwa aibu na kwa hasira, na zaidi kwa huruma ya yule mzee ambaye alikuwa anapotea hivi hivi mbele ya macho yake, darasani, watu wakicheka. Mbele kule Respicius alikuwa anajikung'uta, akisema kwa sauti ya mtu anayejizuia kwamba muda umekwenda, na kwamba kuhusu Mlima Yule amemuuliza mtaalamu mmoja ambaye amekiri hajawahi kulisikia. Kwa hiyo, akasema, tukubaliane.

Ndipo Anyitike akaacha ramani yake, akaja, akapiga magoti mbele ya Evelina.

"Shikamoo bibi. Hiki kinaitwaje?"

"Pumziko."

"Na kwa majirani kinaitwaje?"

Evelina akatazama pembeni.

"Yule bwana," Anyitike akasema taratibu, "ni baba mkwe wako?"

Evelina akamgeukia. Akamtazama usoni, akatikisa kichwa, kidogo tu, kukubali. Dada yule akamweleza kwa sauti ya chini kwamba kwao Tukuyu ni vivyo hivyo, na zaidi. Bibi yake mzaa baba, akimwona baba mkwe anakuja njiani, alijitupa kwenye migomba pamoja na mtungi wa maji, na mitungi iliyovunjika kwa ajili ya heshima ile haikuwa michache. Mama yake mpaka leo hasemi neno moja la Kinyakyusa ambalo kila mtu sokoni analisema. Wakiwa watoto walilijua jina la babu yao kwa kusikiliza ni neno gani mama yao analikwepa. Tangu Jumatatu alikuwa anaongea na watu wasiosikia, na kumbe mwenye masikio alikaa nyuma na ramani.

Anyitike akauliza tena: kwenu, jina la mkwe likitajwa mbele yako na mtu mwingine, unafanyaje? Evelina akashika pindo la kanga yake, akaonyesha: unajifunika uso, unapiga magoti mpaka liishe.

Dada yule akasimama, akamwomba mkubwa wake dakika chache. Respicius alikuwa bado ana vumbi nyuma ya suruali na hakuwa na hamu ya dakika zaidi, lakini akamkubalia. Anyitike akawaeleza watu jambo lilivyo: bibi analijua jina, ila hawezi kulitamka maana ni la mkwe wake. Basi litatamkwa na wengine, na yeye atafanya kama mkwe afanyavyo. Wazee wawili watatu wakaanza kuguna kwa kuelewa, na mmoja akasema, kumbe.

"Mlima Msanjila," akasema Anyitike.

Evelina akajikuna sikio.

"Mlima Mnara."

Evelina akapiga mwayo, na nina hakika ulikuwa wa makusudi.

"Mlima Yule."

Akafyonza.

Anyitike akatazama kile kiti sakafuni. "Mlima Kigoda," akasema.

Mkono wa Evelina ukaruka mpaka kwenye pindo la kanga, ukasimama hapo. Hakujifunika. Aliukaza mkono, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake lakini vibaya, asijue aitike au la. Anyitike aliliona hilo. Akageuka polepole kumtafuta Yotham.

"Mzee Yotham," akasema kwa heshima zote, "watu wamesema wewe ndiye unayekijua Kigogo cha ndani. Sisi tunasema kigoda. Kwa Kigogo safi cha huku, kinaitwaje?"

Nimeshakwambia, hakuna swali lililoulizwa Mahungulu ambalo Yotham hakulijibu. Mtu anaweza kubanwa mlango wa gari akanyamaza. Yotham hawezi kuulizwa akanyamaza. Akasimama, akarekebisha koti, akavuta pumzi ya kwaya.

"Chigoda," akasema.

Evelina akajifunika kanga kichwa kizima na kuanguka magotini.

Alianguka kwa kishindo, na magoti yake yalikuwa mabovu, lakini hakuyasikia. Chini ya kanga palikuwa na giza na harufu ya moshi wa jikoni kwake, na ndani ya giza lile alilisikia jina. Kama jina la mzee na la mlima, si la kiti, hakuwa amelisikia tangu siku ile walipomfukia mzee, mchungaji aliposema Petro na kaka wa marehemu, kwa hasira, akalisema jina lake halisi juu ya udongo. Kisha mtu mmoja akaenda dirishani. Wakamfuata wengine. Ukiutoa mnara machoni, ukautazama mlima vizuri, juu ni tambarare, na chini yake majabali matatu yamesimama kuubeba. Walikuwa wamekaa chini yake miaka yote hiyo.

"Chigoda," akasema mtu dirishani.

"Chigoda, kweli," akasema mwingine.

Wakaanza kulisema mmoja mmoja, wakilijaribu mdomoni. Kila waliposema, kanga ile magotini iliinama zaidi, mpaka paji la uso la Evelina likagusa sakafu.

Yotham alikuwa wa mwisho kuelewa. Alibaki amesimama na koti lake, akiwauliza jirani zake nini kimetokea. Respicius akapitisha uamuzi kwa furaha, akaandika kwamba jina la asili la mlima limethibitishwa kwa maelezo ya Mzee Yotham mwenyewe, akampa mkono. Mchana wa siku hiyohiyo Yotham alikuwa barabarani akieleza watu kwamba jina lile alikuwa analijua siku zote, ila alikuwa anawapima.

Unadhani Evelina alipata raha? Hakupata. Jina ambalo halikusikika miaka nenda rudi sasa lilikuwa kila mahali. Mwenye duka akabadilisha kibao, duka likawa Chigoda Store. Bodaboda wakaanza kuita abiria wa Chigoda. Timu ya mpira ya vijana, iliyokuwa inafungwa kila Jumapili kwa jina jingine, ikaanza kufungwa kwa jina la Chigoda. Evelina akienda kununua chumvi anakwenda amejifunika. Akipita njia ya shule, watoto wanaimba, anapiga magoti mchangani, anainuka, wanarudia kiitikio, anapiga magoti tena. Debora akamwambia bibi, haya umejitakia. Evelina akamjibu kwamba ndiyo, na amnyamazie.

Siku ya uzinduzi mkuu wa wilaya alikuja kuwa mgeni rasmi. Ubao ulisimamishwa chini ya mlima, umefunikwa kitambaa, na watu wakawekewa viti vya plastiki vya kukodi. Evelina alipewa cha mbele kabisa, kando ya Anyitike aliyekuja kutoka Mtumba na kitenge kipya. Mgeni rasmi alikuwa mtu wa hotuba. Alifungua kwa kulitaja jina la mlima, akaeleza maana yake, akaeleza umuhimu wake kwa utalii, na kila alipomaliza sentensi alilitaja tena, kwa sauti kubwa, kipaza sauti kikalitupa mpaka majabalini, majabali yakalirudisha.

Evelina hakukaa kwenye kiti hata mara moja. Alipiga magoti tangu neno la kwanza na hakupata nafasi ya kuinuka. Debora aliona magoti ya bibi yake yanavyozama kwenye mchanga, akaona mabega yanavyotikisika chini ya kanga, akaogopa. Akajipenyeza mpaka mbele, akachuchumaa, akanong'ona kwamba atamwendea mgeni rasmi sasa hivi amwombe apunguze, watu waelewe, bibi anaumia.

Mkono ukatoka chini ya kanga ukamshika Debora kifundo cha mkono, kwa nguvu.

"Nimemnyamazia maisha yangu yote," Evelina akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa machozi. "Waache wamtaje."

Mgeni rasmi akamtaja tena. Debora akapiga magoti kando ya bibi yake, akakaa hapo mpaka hotuba ikaisha.